Pansit ya Ambo

Kwa miaka kumi na minne nilikula pansit ya kila jiko la Manila, nzuri na mbaya, na sikuwa na njaa hata siku moja. Nilikuwa namtafuta mume wangu.

Watu wa Navotas wakinisikia nikisema hivyo hucheka. Waache wacheke. Mwanamume anaweza kubadili jina, akafuga ndevu, akanenepa, lakini mkono wake wa kupika uko palepale, na Ambo hakujua kazi nyingine duniani isipokuwa ya karai na mwiko. Popote alipo anapika, nilijiambia, na mtu anayepika chakula cha wengine kila siku, kuna siku atachoka na atapika kile chake. Siku hiyo na mimi niwe nimekaa mezani. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu, na kwa miaka yote hiyo sikuona kasoro yake.

Sisi wa Navotas na Malabon, pansit yetu ni tambi nene za njano zilizopakwa rojo la uduvi, zikamwagiwa chaza na ngisi. Ambo aliipika hiyo siku sita za wiki kwenye mgahawa alikoajiriwa. Jumapili, nyumbani, alipika nyingine kabisa. Tambi mbichi za rangi ya kahawia, nyama ya nyati wa kulimia iliyokatwakatwa mpaka ikawa chenga, maini kidogo, choroko zilizochipua, kisha juu yake yai lililovunjwa kwenye maji ya moto, kiini chake bado laini. Pembeni bakuli la supu ya yai, na kisahani cha vitunguu vibichi vilivyolowekwa kwenye siki na sosi ya soya. Unapasua yai, unachanganya, unakula, unashushia supu. Nilipomuuliza alijifunza wapi, akaniambia hakujifunza popote. Aliibuni mwenyewe kwa ajili yangu, siku aliyoniona gatini nikipara samaki. Kulikuwa na maneno mengine aliyonipa siku hiyo, ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa na miaka ishirini. Nani angeniambia nisiamini?

Kwao hakukuwa popote. Yatima, alisema, kalelewa huku na huku, mara Bulacan, mara Pampanga. Mwaka wa themanini, binti yetu Ningning akiwa na miaka minane, Ambo alitoka asubuhi kwenda kununua siki, akaenda moja kwa moja. Hakuchukua hata shati la pili. Polisi waliandika, wakafunga daftari. Picha ya harusi tulikuwa nayo moja tu, na mafuriko yaliingia ndani yakaila nusu. Mimi nimebaki vizuri kabisa, na gauni langu na maua yangu, nimeshikwa mkono na mtu asiye na uso.

Basi nikaanza kula. Kila siku niliyopata nafasi gatini, nilipanda kwenda mtaa mpya: Binondo, Quiapo, Cubao, mpaka kulikokuwa na mgahawa wa mabati matatu na benchi moja. Nilikuwa naagiza, naonja, kisha nanyanyuka kuchungulia jikoni. Wengi walidhani natoka kwa bwana afya. Kuna mahali waliponiona tu walianza kufagia.

"Mama, wewe unakula au unapeleleza?" mpishi mmoja wa Binondo aliniuliza, mwiko mkononi.

"Napeleleza. Mpishi hapa nani?"

"Mpishi ndiye mimi."

"Basi umenipotezea siku."

"Na wewe umenipotezea tambi! Tazama, hujala hata robo!"

Ningekulaje? Mayai yenyewe ya Manila ni ya kuchemshwa mpaka yakawa mawe, yakakatwa vipande vinne. Hakuna aliyeweka yai laini juu, na hakuna aliyekuletea supu ya yai pembeni. Kila sahani iliniambia jambo lilelile, kwamba hayupo. Nilirudi nyumbani na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyoniamsha kesho yake.

Mwaka wa tisini na nne Ningning alipata mkataba wa Hong Kong, miaka miwili, kulea watoto wa watu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mdomo mkali, ameuchukua kwangu. Jioni moja aliketi mlangoni akikata kucha, akasema bila kunitazama, "Mama, nikishaondoka, nani atakuwa anakuburuza kutoka kwenye majiko ya watu?"

"Sijawahi kuburuzwa mimi."

"Cubao je? Nani aliyekuvuta yule mpishi alipokufukuza na ndoo?"

"Yule hakuwa na adabu."

Alikata ukucha mwingine. Kisha akasema, "Mimi ningetaka nimwone mara moja tu. Sisemi nimsamehe. Nataka nimwone uso. Nikifumba macho namwona mgongo wake, amesimama jikoni, na hageuki."

Hakuwahi kuniambia hivyo. Moyo uliniuma mpaka nikainuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku ya kumuaga, akaniomba nimpikie pansit ya baba yake. Sikuwa nimeipika tangu Ambo aondoke. Niliona kama ningekuwa naiba. Lakini mtoto anakwenda kwa watu miaka miwili, utamnyima nini? Nikapika, na majirani wakaja. Dereva mmoja wa lori la kaskazini, aliyekuja kupakia samaki wakavu kwa jirani, akakaribishwa naye. Alipowekewa sahani akaitazama, akanitazama mimi.

"Ee mama, hii umeitoa wapi?"

"Kwa nini?"

"Nimekula hivihivi juzi. Tuguegarao, mgahawa uliotazamana na soko. Yai juu, supu pembeni, na vitunguu vyake."

Nilishika meza. "Mpishi mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume. Mtu mzima. Sikumtazama sana, mama, nilikuwa nakula."

Lori lilikuwa limeshaanza kupigiwa honi kule nje. Akala haraka haraka, akashukuru, akaondoka. Ningekuwa na akili ningemkimbilia nikamuuliza swali moja zaidi. Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia nilichokingojea miaka kumi na minne, na Ningning alikuwa amekaa mbele yangu, kijiko kimesimama hewani, macho yamemtoka.

Zilibaki siku tisa asafiri. Kesho yake tulikuwa ndani ya basi la kwenda kaskazini, na asubuhi iliyofuata tukashuka Tuguegarao. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani.

"Mama, umevaa kama unakwenda harusini."

"Nakwenda kugomba. Na mtu akienda kugomba avae vizuri."

"Utamwambia nini?"

"Nitamuuliza siki iko wapi."

Ningning alicheka. Na yeye alikuwa amepaka rangi ya mdomo. Nilijifanya sijaona.

Mgahawa uliotazamana na soko tuliupata bila kuuliza. Tukaketi. Sikuwa nimeagiza kwa jina, nilisema tu tuletewe pansit, na ikaja. Yai juu. Supu pembeni. Kisahani cha vitunguu. Nilipasua yai nikachanganya, nikatia mdomoni, na nakuambia kweli, alikuwa ni Ambo. Chumvi ni ya Ambo, nyama ni ya Ambo, hata jinsi tambi zilivyokunywa mchuzi wake. Ningning alionja mara moja akaweka kijiko chini, akaanza kulia kimya kimya, rangi ya mdomo ikimchuruzika.

"Ni yeye," alisema. "Mama, ni yeye."

Nikanyanyuka. Sikuchungulia safari hii, niliingia. Mbele ya karai alisimama mzee mwembamba mwenye upara, mfupi kuliko mimi. Nilitazama nyuma yake, nyuma ya mlango, nyuma ya magunia. Palikuwa na mwanamke anayeosha sahani, basi.

"Mama, kama hutaki yai, sema tu, litolewe," yule mzee akaniambia kwa upole.

"Ambo yuko wapi?"

"Ambo yupi?"

"Aliyekufundisha kupika hii."

"Hii amenifundisha mama yangu. Na amekufa."

Nikamwambia aache uongo. Nikamwambia hii ni pansit ya mume wangu, ameibuni yeye, Navotas, jikoni kwangu, na kama hayupo hapa basi alipita hapa akawafundisha, na mimi sitoki mpaka niambiwe amekwenda upande gani. Mzee alimtazama yule mwanamke wa sahani. Mwanamke akaweka mkono mdomoni, lakini kicheko kikamshinda.

"Sisi tufundishwe batil patung yetu hii na mtu wa Manila?" mzee akasema. Hakuwa na ubaya. Alikuwa ananihurumia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Dada yangu, vuka barabara. Kaulize pale. Halafu kaulize kwa jirani yake."

Tukavuka. Yai juu, supu pembeni, Ambo mtupu. Mpishi alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Tukaenda kwa jirani yake. Yai juu, supu pembeni. Mpishi alikuwa mama mjamzito. Katika mgahawa wa kwanza Ningning alilia, wa pili alikula, na wa tatu aliitazama tu ile sahani mpaka mvuke ukaisha.

"Migahawa ya batil patung hapa mjini iko mingapi?" alimuuliza msichana aliyetuhudumia.

Msichana alifikiria, akahesabu kwa vidole mtaa mmoja mmoja, akakata tamaa. "Mia mbili? Labda zaidi. Vijijini sijui. Kwani mnatafuta ipi?"

Tulitoka nje tukasimama juani, watu wakitupita na vikapu vyao. Ningning alikuwa na sura aliyokuwa nayo akiwa na miaka minane, siku ile ya siki, alipokuwa ananiuliza kila nusu saa kama duka liko mbali.

"Lakini bado, Mama," alisema. "Kama wanapika hivi hapa, basi kwao ni hapa. Tulikuwa hatujui hata kwao. Sasa tunajua. Tuulize jina."

Nilimshangaa mwanangu. Mimi nilikuwa nimeshaanguka, yeye alikuwa bado anatafuta pa kushika. Tukaingia mgahawa wa nne, siyo kwa kula, kwa kuuliza. Ulikuwa wa mume na mke, wazee wote wawili. Mke, Mama Petra, ndiye aliyekuwa kwenye karai. Mume, mzee Simplicio Tuddao, alikaa mbele akikata vitunguu, na kwenye meza ya karibu walikuwepo wanaume watano wa makamo wakila. Nikawaambia yote, kwa kifupi, bila machozi. Mume wangu, Ambrosio Villanueva, mpishi, ana kovu la mafuta kwenye kiganja cha kushoto, ameondoka mwaka wa themanini.

"Villanueva?" mzee Simplicio alirudia. Akawageukia wale wa mezani. "Kuna Villanueva hapa?"

"Yule wa benki," mmoja alisema, "lakini ametoka Cebu."

"Hapa ni kina Tuddao, kina Cabbab, kina Taguinod," mzee alisema. "Villanueva si jina la huku, mama. Na kama alitaka kujificha, hilo ndilo jina ambalo hata mimi ningelichukua. Limejaa nchi nzima."

"Ambrosio je?" Ningning aliuliza.

"Ambrosio nawajua watatu. Mmoja padri, mmoja marehemu, mmoja ana miaka sita."

Wale wa mezani walicheka, kisha wakaona aibu, wakainamia sahani zao. Mama Petra alizima jiko akaja akanivutia kiti. Alikuwa mtu wa Ilocos, ameolewa huku, na labda kwa sababu hiyo alinielewa upesi kuliko wengine.

"Kilichokufanya uamini kwamba chakula hiki ni chake peke yake ni nini, dada?"

"Aliniambia amekibuni. Kwa ajili yangu."

Pale mezani palizuka kelele. Wanaume wale walikuwa wanagongana viwiko, mmoja amepaliwa na supu. Mzee Simplicio aliweka kisu chini akajifuta macho, sijui ya kicheko au ya vitunguu.

"Samahani, mama, samahani sana. Usituone wabaya. Vijana wote wa hapa wakienda kwa watu ndivyo wanavyosema. Msichana wa mbali ataijulia wapi? Mimi nilimwambia huyu hapa, kwao Vigan, mbele ya baba yake." Akanyoosha mkono kumwelekea mkewe, akabadili sauti ikawa ya kijana. "'Yai hili la juu ni wewe. Sisi wengine wote ni tambi, tuko chini yako.'"

"'Na ukilipasua ndipo tunapata ladha,'" wale wa mezani walimalizia kwa pamoja, wote watano.

"Nilikaa naye mwaka mzima bila kujua," Mama Petra alisema. "Nilipoletwa huku kuolewa ndipo nikaona yai kwenye kila sahani ya kila mtu. Nilimnunia wiki."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno aliyonipa Ambo. Neno kwa neno. Sikuwa nimemwambia mama yangu, sikuwa nimemwambia Ningning, sikuwahi kuyatamka hata nikiwa peke yangu. Miaka yote ile, watu waliponiambia yule mwanamume hakukupenda, sahau, nilikuwa nayashika hayo moyoni nikasema hamjui alichoniambia. Sasa watano walikuwa wamenisemea mezani na midomo imejaa tambi. Sikupewa hata uongo wa kwangu mwenyewe.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, pamoja nao, kwa sababu ningefanya nini? Mama Petra hakucheka. Alinishika bega akaniuliza kama nataka maji.

"Mzee," Ningning alisema, na sauti yake ikawanyamazisha wote, "mtu wa hapa aliyeondoka ujana wake, mpishi, hakurudi. Hakuna mnayemkumbuka?"

Mzee Simplicio aliokota kisu chake. "Binti yangu, kila nyumba hapa ina mmoja. Mimi nina wawili, mdogo wangu na mtoto wangu. Wote wapishi." Akakata kitunguu kimoja, taratibu. "Wakija kwako wakikuambia wamebuni kitu, tafadhali waambie wapeleke barua nyumbani."

Hawakutaka tuondoke bila kula. Tulisema tumeshiba, na ilikuwa kweli.

Basi la kurudi lilikuwa la saa tisa. Tulikaa kwenye benchi la kituoni, mkoba katikati yetu. Ningning alikuwa ametoa makaratasi yake ya Hong Kong, akiyapanga tena, ingawa yalikuwa yamepangika.

"Mama, sasa tunajua nini juu yake?"

Nilifikiria. Niliwaza jina, nikaliondoa. Niliwaza kwao, ambako ni nyumba yoyote kati ya zote hizi. Niliwaza maneno yake.

"Alijua kupika," nilisema.

"Hapa kila mtu anajua kupika."

Akaendelea na makaratasi yake. Nilitaka kumkumbatia, lakini sisi hatuna mazoea hayo, na nilijua nikimgusa nitaanza kulia mbele ya makondakta. Alifika kwenye fomu ya wakala, ile ndefu, ambayo ilikuwa itiwe sahihi kesho kutwa. Alichukua kalamu, akaiweka kwenye mstari mmoja.

"Hapa kwenye jina la baba niliandika Ambrosio Villanueva," alisema. "Niache au nifute?"

"Ukifuta utaandika nini?"

Aliinua kalamu, akairudisha palepale.

"Acha," nikamwambia. "Wanataka paandikwe kitu."